Kabla ya kununua mkono wa skrini, ipimeni meza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wale wanaoshinda mbele ya kompyuta, na hasa wale wanaowanunulia vifaa. Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Keko Magurumbasi, na sehemu kubwa ya maisha yangu imepita kwenye meza za ofisi, kuzitengeneza na kuzirekebisha.

Tangu mikono ya kubebea skrini, yaani vile vyuma vyenye viungo vinavyosimama kwenye nguzo na kubanwa ukingoni mwa meza kwa kibano, ianze kuuzwa kwa wingi hapa mjini, aina ya meza zinazoletwa kwetu imebadilika. Zamani meza ililetwa kwa sababu droo imeng'oka reli, au mguu umelegea baada ya ofisi kuhama. Siku hizi inaletwa ikiwa imepasuka ukingo wa nyuma, pale pale mkono ulipobanwa.

Mtu wa manunuzi wa ofisi moja ya Posta alileta meza za namna hiyo kwenye kirikuu, akazipanga uani na kuniambia, "Fundi, tazama bidhaa zenu za Keko zilivyofumuka." Niliinama kutazama. Hazikuwa za Keko, zilikuja na kontena, lakini hilo niliona si la kubishania. Ukingo wa nyuma ulikuwa na ufa wa mlalo unaopita katikati ya unene wa ubao, mrefu kuliko shubiri. Utepe wa plastiki wa ukingoni ulikuwa umebenuka. Upande wa chini, kisahani cha kibano kilikuwa kimezama na kuacha shimo la mviringo, na nilipoligusa kwa kidole maranda yakadondoka. Upande wa juu, ncha ya mbele ya bamba la chuma la kibano ilikuwa imechora mstari uliozama kwenye melamini, ile ngozi ngumu inayovikwa ubao.

Muuzaji alishamwambia kwamba mkono ni mzima, na kweli ulikuwa mzima. Meza nazo, kwa kazi ya kuwekea daftari, kalamu na kompyuta ya kawaida, hazikuwa mbovu. Tatizo ni kwamba mkono ulichaguliwa peke yake, ukabanwa kwenye meza ambayo hakuna aliyeipima. Ninachokuja kusema ni hicho tu: uzito wote unaobebwa na mkono wa skrini unaishia kwenye ubao, katika eneo lisilozidi kiganja. Anayenunua mkono anaipa meza yake kazi mpya, kwa hiyo meza ndiyo ya kupimwa kwanza.

Sisemi watu waache kununua. Nimeingia ofisi nyingi nikakuta skrini zimepandishwa juu ya rimu za karatasi, na mwenye kiti bado ameinamisha shingo kutwa nzima. Mkono mzuri unamwezesha mtu kuipandisha skrini, kuishusha, kuisogeza karibu au kuigeuzia mgeni anayetaka kuona hesabu yake. Unaiacha meza wazi. Kwenye meza moja inayotumiwa kwa zamu na mrefu na mfupi, kila mmoja anaiweka skrini anavyotaka. Nimeona mtu aliyekuwa akilalamika bega kila jioni akipata nafuu baada ya skrini kuwekwa mahali pake. Ndiyo maana naumia kuona kifaa chenye faida kiasi hicho kinapewa jina baya, na meza zinatupwa, kwa jambo ambalo futi na dakika chache zingelizuia.

Tuiangalie ile nguvu kwa hesabu, maana hapa ndipo watu wanaponiona natia chumvi. Chukua skrini ya kilo 5. Ivute ije karibu nawe, iwe sentimita 50 kutoka kwenye nguzo. Skrini sasa inataka kuiangusha nguzo mbele. Kinachoizuia ni kibano: ncha ya mbele ya bamba la juu inaikandamiza meza kwenda chini, na kisahani cha chini kinaisukuma kwenda juu. Umbali kati ya sehemu hizo mbili, kwenye vibano vingi ninavyokutana navyo, ni kama sentimita 5. Kilo 5 mara 50 ni 250; gawa kwa 5, unapata 50. Yaani skrini ya kilo 5 inaufinya ubao kwa nguvu ya kilo 50, na bado hujahesabu uzito wa mkono wenyewe wala ile nguvu uliyoikazia skrubu ya kibano. Irudishe skrini iwe sentimita 20 kutoka kwenye nguzo, na nguvu hiyo inashuka hadi kilo 20. Kila ukiivuta na kuirudisha, ubao unafinywa na kuachiwa. Mninga hausumbuliwi na hilo. Maranda yaliyogandishwa kwa gundi yanasumbuliwa sana.

Meza nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu mjini ni za chipubodi, yaani maranda yaliyochanganywa na gundi na kushindiliwa, kisha yakavikwa melamini. Ngozi yake ya juu na ya chini ni ngumu, lakini katikati maranda ni makubwa na yameachana. Ndiyo maana ufa hupita katikati ya unene. Ikiwa na milimita 25, na skrini ikawa nyepesi, chipubodi inaweza kufanya kazi miaka mingi ikisaidiwa kidogo, nami nitaeleza namna. Ikiwa na milimita 16 au 18, usibane mkono juu yake bila kuiimarisha. Na hapa kwetu pwani kuna jambo jingine, nalo ni unyevu. Chipubodi iliyolowa ukingoni, ama kwa maji ya kiyoyozi yanayodondoka ukutani ama kwa dirisha lililoachwa wazi masika, huvimba na haisinyai tena. Pitisha kidole kwenye ukingo wa nyuma wa meza yako. Ukisikia umeumuka kuliko sehemu nyingine, hapo si mahali pa kubana kitu.

MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ni afadhali kidogo kwa sababu unga wake ni laini na umeshikana sawasawa, ila nayo haipendi maji. Paini ya Sao Hill ni mbao halisi, lakini ni laini. Kibano kitaacha alama ya kudumu usipoweka bamba pana. Mninga, mkongo na mtiki hazina shida, mradi unene wake uingie kwenye kinywa cha kibano. Meza ya kioo usiibane kabisa, hata muuzaji akikuapia. Halafu kuna meza nyepesi ambazo ndani yake ni karatasi ngumu iliyokunjwa vijumba vijumba, juu na chini ngozi nyembamba tu. Kuitambua, gonga kwa kifundo cha kidole ukitoka ukingoni kuelekea katikati. Ukingoni itajibu kwa sauti nzito kwa sababu kuna kipande cha mbao, na ukivuka hapo sauti inakuwa tupu. Meza ya namna hiyo bamba la juu litaitoboa.

Sasa namna ya kuisaidia chipubodi. Sisi hukata kipande cha plaiwudi ya milimita 18, urefu kama sentimita 30 na upana sentimita 15, tukakigundisha chini ya meza kwenye ukingo wa nyuma na kukikaza kwa jiriwa mpaka gundi ikauke vizuri, kisha tunakishika kwa skrubu fupi zisizofika juu. Kwa juu tunaweka bamba la chuma la milimita 3 lenye mpira chini yake, pana kuliko bamba la kibano. Nguvu ile ile ya kilo 50 inagawanyika kwenye eneo kubwa, na ubao haufinywi tena mahali pamoja. Angalia tu jumla ya unene: meza ya milimita 25, plaiwudi 18 na chuma 3 ni 46. Kama kibano chako mwisho wake ni milimita 40, hakitaingia. Wengine hununua bamba mbili za chuma zilizokwisha kutobolewa kiwandani, moja ya juu na moja ya chini, na hizo pia ni nzuri. Gharama ya kazi hii ni ndogo mno ukilinganisha na meza mpya.

Unene peke yake hautoshi. Piga magoti uangalie chini. Meza nyingi za ofisi zina bomba la chuma linalopita nyuma kushika miguu, au kibao cha kuficha miguu, au mfereji wa nyaya, na vyote hivyo vinakaa pale pale kibano kinapotaka kuingia. Kibano kinahitaji nafasi tupu kuanzia ukingoni kuingia ndani, mara nyingi sentimita 6 hadi 8. Pima kwa futi, usikisie kwa macho.

Kuna binti wa Tabata, mhasibu anayefanyia kazi nyumbani, aliyeniita kwa sababu hiyo. Alishanunua mkono, na mkono ni mzuri, lakini meza yake ya mninga ilikuwa na fremu chini, sentimita 3 tu kutoka ukingoni. Kibano hakikuwa na pa kushika. Fundi aliyempelekea mzigo alimshauri atoboe tundu katikati ya meza apitishe bolti. Ushauri huo haukuwa mbaya. Mikono mingi huja na bolti ya kazi hiyo, na kwenye mbao ngumu bolti inashika vizuri kuliko kibano chochote. Lakini binti aliniambia, "Mzee, hii meza ni ya marehemu baba. Usiniambie unaitoboa."

Nilimjibu, "Uso wake siugusi, mwanangu."

Tulichukua ubao wa mkongo wenye unene wa milimita 40, tukaufunga kwa bolti kwenye fremu ya nyuma, upande unaotazama ukuta, ukatokeza nyuma ya meza usawa mmoja na uso wake. Kibano kikashika mkongo. Meza ya baba yake haina hata mkwaruzo, na siku akitaka kuondoa mkono atafungua bolti na ubao utatoka. Natoa mfano huu kwa sababu watu wengi wenye meza nzuri za urithi hudhani njia ni mbili tu, kutoboa au kuacha. Seremala aliye karibu nawe, awe wa Keko, Buguruni au Manzese, anaweza kukupatia njia ya tatu. Najua nitaonekana navutia kwangu. Basi na iwe hivyo. Kazi ninayoitetea ni ya kweli.

Nikija kwenye skrini yenyewe, sitakawia, maana hapa mambo yako wazi. Geuza skrini utazame mgongo wake. Unatafuta matundu manne ya skrubu yaliyokaa mraba. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake: utapata milimita 75 au 100. Vipimo hivyo viliwekwa na VESA, chama cha viwango cha huko Marekani, tangu mwaka 1997, na karibu mikono yote ya mezani imetobolewa kuvifuata. Skrini za mtumba za ofisi zinazouzwa Kariakoo mara nyingi zinayo matundu hayo yakiwa yamefunikwa na shingo ya stendi. Ukibonyeza kitufe kilicho chini ya shingo, stendi inatoka na matundu yanaonekana. Nyingine zina kifuniko cha plastiki. Na zipo ambazo hazina kabisa, hasa zile za bei ya chini na baadhi ya kompyuta ambazo mashine na skrini ni kitu kimoja. Kwa hizo kuna vishikizo maalumu vya kununua, ila kabla ya kulipia hakikisha vinaendana na modeli yako.

Skrubu zake huitwa M4, yaani unene wa milimita 4. Urefu ndio unaoleta hasara. Ikiwa fupi itashika ncha tu na kuharibu uzi wa ndani ya tundu. Ikiwa ndefu itaingia mpaka kwenye saketi au nyuma ya kioo. Skrini nyingi zinataka skrubu inayoingia ndani kama milimita 8 hadi 10, ukiongezea unene wa bamba la mkono. Kaza kwa mkono, taratibu. Ukikuta inagoma kabla bamba halijabanwa, usilazimishe kwa bisibisi ya umeme. Chukua fupi zaidi. Na kama matundu yamezama ndani ya mgongo wa skrini, tumia vile vipande vya bomba vinavyokuja kwenye boksi kujaza pengo.

Uzito unaotakiwa ni wa skrini bila stendi yake. Skrini nyingi za inchi 24 huwa kilo 3 hadi 4, za inchi 27 kilo 4 hadi 6, na zile ndefu za inchi 34 hupita hapo. Usipoona maandishi nyuma yake, panda kwenye mizani ukiwa umeishika, kisha panda bila kuishika, utoe. Skrini iliyopinda ina jambo lake: mbavu zake zimekuja mbele, kwa hiyo uzito nao umekaa mbele zaidi, na kichwa cha mkono kinaelekea kuinama hata kama kilo ziko ndani ya kiwango. Kwa hiyo achia nafasi. Mkono ulioandikwa mwisho kilo 9 usiupe skrini ya kilo 9.

Wengi hawajui kwamba kuna kiwango cha chini pia. Mikono yenye springi ya gesi, ambayo ndani yake ina chupa iliyoshindiliwa hewa inayosukuma kama ile inayoinua mlango wa buti ya gari, huandikwa kwa mfano kilo 2 hadi 9. Ukiufunga kwenye skrini ndogo ya kilo moja na nusu, utapanda juu wenyewe na haushuki hata ukilegeza skrubu yote. Mtu atasema mkono ni mbovu na kumbe skrini ni nyepesi mno.

Kwa maoni yangu, ofisi nyingi hazihitaji springi ya gesi. Kama kila mtu ana meza yake na hahamishi skrini kila saa, mkono wa nguzo, ule unaopandishwa na kushushwa kwa kulegeza pete na kuikaza, unatosha. Ni rahisi, hauna cha kuisha nguvu ndani, na skrini ikiwekwa usawa wake inakaa hapo. Springi ya gesi ni ya meza za zamu, mapokezi, wachoraji wa ramani, na watu wanaofanya kazi mara wameketi mara wamesimama. Pesa inayookolewa hapo ndiyo ya kuimarishia meza. Wauzaji watanikasirikia kwa hili.

Kabla ya kulipa, pima na nafasi ya nyuma. Mkono ukikunjwa, kiwiko chake kinatoka nyuma ya meza. Kwenye vyumba vyetu vya kupanga, meza imesukumwa mpaka ukutani, na mwenye meza anategemea skrini itarudi nyuma kabisa. Haitarudi. Ama meza isogee mbele sentimita 10 hadi 20, ama mkono ukunjwe kuelekea ubavuni, na ubavuni nako pasiwe na kabati wala dirisha linalofunguka ndani.

Siku ya kufunga, muwe wawili. Anza na meza: bamba, mpira, kibano. Hakikisha kisahani cha chini kimegusa ubao chote, kisikae nusu juu ya skrubu au kona ya fremu. Kaza mpaka nguzo isitikisike ukiisukuma kwa kiganja, kisha acha. Wanaoendelea kukaza kwa nguvu zote ndio wanaoanzisha ufa siku hiyo hiyo. Baada ya wiki kadhaa rudia kuangalia, kwa sababu mpira na ubao hubonyea na kibano hulegea kidogo. Halafu tandika khanga mezani, ilaze skrini kifudifudi, funga bamba mgongoni mwake. Mwishowe mmoja anyanyue skrini, mwingine aongoze kichwa cha mkono mpaka kiingie na kujifunga.

Hapa naomba watu wawe makini sana. Mkono wa springi usio na skrini una nguvu iliyofungiwa ndani. Ukikata kile kifungo cha plastiki kilichoukunja, au ukiushusha kwa mkono kisha ukauachia, unaruka juu kwa kasi ya kuvunja pua. Usiinamishe uso juu yake, na watoto wakae mbali. Vivyo hivyo siku ya kufungua: shusha nguvu ya springi au uushike mkono barabara kabla ya kuitoa skrini.

Skrini ikishakaa, chukua alenkii, ule ufunguo uliopinda wenye pembe sita, utafute tundu lenye alama ya kujumlisha na kutoa. Weka mkono usawa wa meza, ulale mlalo. Skrini ikishuka yenyewe, geuza kuelekea kujumlisha. Ikipanda, geuza kuelekea kutoa. Inaweza kuhitaji mizunguko mingi kabla ya kuona tofauti, usikate tamaa. Unatafuta pale ambapo ukiiachia inabaki ulipoiacha. Nyaya zipitishe ndani ya mkono au kando yake, na kwenye kila kiungo acha kitanzi kilicholegea. Ukizivuta ziwe nyoofu ili zipendeze, siku utakayoizungusha skrini utang'oa kichwa cha waya, au utakuta waya wa umeme haufiki tena kwenye betri ya akiba iliyo chini ya meza.

Usawa wa macho ni huu: keti unavyoketi siku zote, ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho yako au chini yake kidogo, na umbali uwe kama urefu wa mkono wako ulionyooshwa. Mwenye miwani ya sehemu mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini, aishushe zaidi, la sivyo atakuwa akiinua kidevu kutwa. Dirisha likae ubavuni mwako, si nyuma yako wala nyuma ya skrini.

Sasa nina maombi kwa pande mbili. Kwa wenye maduka: mteja akiomba mkono, muulizeni meza yake ni ya nini, ina unene gani, na chini ya ukingo kuna nini. Dukani mnauonyesha mkono ukiwa umefungwa kwenye kaunta nene isiyotikisika, na mteja anaondoka akiamini kwake itakuwa vile vile. Bandikeni hata karatasi moja ya Kiswahili kwenye boksi yenye unene wa meza unaokubalika, uzito wa chini na wa juu, na lile onyo la springi. Maelezo yanayokuja ndani ni michoro midogo na lugha ambayo wengi wa wanaofunga hawaisomi.

Kwa watu wa manunuzi wa ofisi, za serikali na za binafsi: mnapoandika mahitaji ya mikono ya skrini, andikeni na meza itakayobeba. Mnapoagiza meza mpya, semeni mapema kwamba zitabanwa mikono, seremala aweke mbao ngumu ukingo wa nyuma na kuliondoa bomba pale linapozuia. Ni kazi ndogo meza ikiwa bado karakanani na kubwa ikishafika ghorofa ya kumi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemwekea mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi awapo kazini, na skrini inayoning'inia kwenye ukingo uliopasuka, mbele ya uso wa mtu, si jambo la kuachiwa kijana wa kompyuta peke yake.

Na kama unasoma barua hii huku meza yako imeshaanza kufunguka ukingoni, usikaze kibano zaidi, wala usikihamishie sentimita chache pembeni kwenye ukingo ule ule. Mwite mwenzako ashike skrini, itoeni kwanza, kisha mlegeze springi na kufungua kibano. Ufa mdogo unatiwa gundi mpaka ndani kwa kisu chembamba na kubanwa kati ya vibao viwili usiku kucha, ndipo plaiwudi iwekwe chini. Ukingo uliokwisha kumong'onyoka hukatwa na kuungwa ubao mpya. Mkono wenyewe usiutupe, uweke kando mpaka meza iwe tayari.

Wako katika kazi,
Fundi seremala,
Keko Magurumbasi, Temeke,
Dar es Salaam.